Neno Moja la Papa

Tulipomzika Papa mdogo Paluku, watu walipokezana kusimama kando ya kaburi wakimsifu, na mimi nilikataa. Waliniomba, kwa sababu mimi ndiye mkubwa wa watoto wa kaka yake, na kwa sababu kila mtu pale alijua kwamba yeye ndiye aliyenisomesha baada ya Papa kufa. Nilisema koo linaniuma. Mkuu wa kwaya akanishika mkono kwa huruma, akidhani machozi yamenikaba, kumbe ilikuwa hasira. Nilisikiliza wakisema alikuwa infirmie, yaani muuguzi wa watu, mganga asiyelala, mlinzi wa yatima, na kila sifa ilikuwa na ukweli wake, ndiyo maana iliniuma zaidi. Mtu mbaya kabisa ungemzika ukaenda zako. Huyu nilikuwa nimempenda. Niliporudi nyumbani nilivua viatu vyenye udongo, nikakaa sebuleni bila kuwasha taa ingawa jua lilikuwa linazama, nikaanza kuukumbuka ule mwaka mmoja ambao aliniibia. Sina neno lingine.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Ni mwaka ule wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka na kuujaza mji wa Goma hata barabara zikakosa pa kuweka mguu. Shule yetu ilifungwa kwa kuwa madarasa yalikuwa yamelaliwa na watu, na madawati yalikwisha kuwa kuni. Kipindupindu kilipoingia, maiti zilipangwa kando ya njia zimefungwa kwenye mikeka, na sisi wasichana tulijifunza kutembea tukitazama upande wa ziwa. Lakini nyumbani kwetu Himbi meza iliendelea kutandikwa kila adhuhuri kama kawaida, na nikikumbuka mwaka ule nakumbuka kwanza meza ile: fufu ya mhogo iliyofunikwa na sahani, sombe ya majani ya mhogo, sambaza, samaki wadogo wa ziwani, zilizokaangwa mpaka zinalia mdomoni, na mbele ya Papa peke yake kipande cha makayabo, samaki wa chumvi, ambacho bado alikinyunyizia chumvi. Mama alikuwa akimkemea. Papa alikuwa akijibu kwamba mwanaume aliyeendesha lori toka Butembo miaka yote hiyo hauawi na chumvi. Papa mdogo Paluku alikuja kula nasi kila siku akitoka kwenye dispensari ndogo alikofanya kazi, akinuka dawa ya klorini, na buti zake alikuwa akiziacha nje ili asituletee ugonjwa. Siku hizo kila mtu alimheshimu. Nami nilikuwa nikimnawisha mikono kwa fahari, nikiwaza kwamba siku moja nitavaa koti jeupe kama lake.

Papa alikuwa na tansio, ndivyo tunavyoliita shinikizo la damu, na alikuwa akimeza kidonge kila asubuhi kwa amri ya Papa mdogo. Adhuhuri moja, katikati ya chakula, Papa mdogo alimfunga mkononi ule mkanda wa kupimia, akabonyeza, akasikiliza, akacheka. "Kaka, umepona," alisema. "Tansio imeshuka sawa ya kijana. Achana sasa na ile dawa, itakuchokesha bure." Mama akauliza kama ni sawa kuacha hivi hivi. Papa mdogo akamwambia, "Mama Masika, mutu akiisha kupona malaria, anaendelea kumeza kinini?" Sote tukacheka, maana ilikuwa na akili. Papa akachukua boksi la vidonge, akampa mdogo wake akawapelekee wagonjwa wa kambini. Nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika birika la maji.

Katika nyumba ndogo ya nyuma ya kiwanja chetu alikaa Mama Dafroza, mjane wa kutoka Jomba, upande wa Rutshuru. Alikuwa rafiki ya Mama na msimamizi wangu wa kipaimara. Jina langu la pili alilichagua yeye. Alikuwa akipika kasiksi, pombe ya ndizi, na watu walivuka mitaa miwili kuifuata. Kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele ya macho yako. Hata mke humfanyia mume. Si dharau, ni salamu: ukinywa kabla yangu nakuamini, ukinipa bila kuonja umenisahau au umenitakia mabaya. Papa alikuwa akimtania kwa hilo kila Jumapili. "Onja, Dafroza, onja! Ao unataka kunizika?" Naye alikuwa akijibu, "Nikuzike na nani atanilipia mazishi?" Lakini mwaka ule utani ulianza kukauka. Mama Dafroza aliongea Kinyarwanda, na tangu wakimbizi waje, nilikuwa nikiwasikia wanawake kwenye bomba la maji wakishusha sauti anapofika na kupandisha akiondoka. Mmoja alisema, "Huyu si iko na bandugu kule kambini?" Hakuwa na ndugu hata mmoja kule. Alizaliwa nchi moja na sisi.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa ya pili. Nilikuwa jikoni nikitwanga sombe alipoingia na kibuyu chake, akachota kidogo kwa kikombe cha bati, akanywa mbele yangu, akakunja uso kidogo kisha akatabasamu. "Imeiva," alisema. Akanikabidhi mimi kibuyu nimpelekee Papa, naye akanifuata akijifuta mikono. Sebuleni walikuwa Papa, Papa mdogo, katekista wa mtaa wetu na majirani wawili. Papa alipokea kibuyu, akanywa kwa mrija kama mwenye kiu, halafu akakumbuka utani wake. Akamgeukia Mama Dafroza, akanyoosha kidole, akasema, "Onja." Tukasubiri amalizie. Akasema tena, "Onja." Kibuyu kikamtoka mkono wa kulia na pombe ikamwagika kwenye vitambaa vya kochi alivyoshona Mama. Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umeshuka. "Onja, onja," akaendelea, na macho yake yalikuwa ya mtu anayesikia sauti yake na kushangaa imetoka wapi.

Papa mdogo alikuwa wa kwanza kumfikia. Alipiga magoti mbele yake, akamwambia, "Kaka, cheka kidogo." Kisha, "Inua mikono yote mbili." Mkono wa kushoto ukapanda, wa kulia ukaanza kupanda, ukaanguka. Nilidhani anamtuliza tu, kama tunavyomchezesha mtoto anayelia. Lakini nilimwona Papa mdogo akigeuza kichwa na kutazama mlango wa chumba cha wazazi wangu, pale palipokuwa pakikaa boksi la vidonge, na uso wake ukawa wa majivu. Wakati huohuo jirani mmoja alikuwa amesimama akipiga kelele: "Hakuonja! Huyu mama hakuonja! Muko nasikia muzee anasema nini?" Katekista akafanya ishara ya msalaba. Mama akatoka chumbani akilia. Sote tukamgeukia Papa mdogo, kwa sababu yeye ndiye aliyesoma, na kama angefungua mdomo tungemfuata popote. Alisema, "Muite gari."

Gari liliipita hospitali bila kusimama. Niliona geti lake kwa upande wa dirisha langu. Jirani aliyekaa mbele alikuwa anamwelekeza dereva mtaa wa Lac Vert, kwa mzee aliyesifika kwa kutapisha sumu, na Papa mdogo alikuwa nyuma pamoja nasi akishikilia kichwa cha Papa bila kusema neno. Barabara ya Sake ilikuwa imejaa watu wenye madumu na kuni vichwani, tukawa tunakwenda mwendo wa miguu. Tulifika jua limegeuka. Yule mzee akamnywesha Papa maziwa mabichi na mawese, na Papa hakuweza kumeza vizuri, yakamwingia njia isiyo yake, akakohoa mpaka tukadhani anatutoka. Mzee alisema ile ni karuho, sumu ya polepole, na kwamba tumewahi. Tulikaa huko siku tatu. Tuliporudi, Papa alikuwa hai, mkono na mguu wa kulia vimekufa, na kati ya maneno yote aliyokuwa nayo duniani lilikuwa limebaki moja.

Alikuwa akitaka maji, alisema "onja." Alitaka kugeuzwa kitandani, "onja." Wadogo zangu walipomlilia, aliwapapasa vichwa kwa mkono wa kushoto, "onja, onja," kwa sauti laini kabisa. Tulihamishia kitanda chake sebuleni, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, na watu wakawa wanakuja kumsikiliza kama wanaokuja kuhakikisha. Jumapili ya pili kwaya ilikuja kusali nasi, na walipoanzisha ile Baba Yetu ya kuimbwa, Papa akafungua mdomo akaimba nao. Yote. Maneno yote, mwanzo mpaka amina, kwa ile sauti yake nzito ya zamani. Mama alianguka magotini. Walipomaliza akamtazama Mama, akajitahidi mpaka mishipa ya shingo ikasimama, akasema: "Onja." Hapo ndipo katekista alipotoa hukumu, kwa upole, kama mtu anayefundisha watoto. "Mutu anaweza kuomba Baba Yetu yote, akili yake iko muzima. Na kama akili iko muzima, na neno anasema ni ile moja tu, basi ile neno ni ushahidi." Mimi nilikuwa na jibu, maana nilimwona Mama Dafroza akionja.

Nilimfuata Papa mdogo nyuma ya nyumba, nikamweleza. Alinisikiliza akinawa mikono, akanawa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Kibuyu, nani alimupatia Papa?" Nikasema ni mimi. Akanishika mabega yote mawili. "Masika, sikiliza vizuri. Ukisema ulikuwa jikoni, batasema muliitengeneza wote wawili. Mukono ilikuwa yako. Unaona vile batu wako siku hizi? Nyamaza, mutoto yangu. Mimi niko nakulinda." Nililia kifuani mwake kwa shukrani. Ndiyo, kwa shukrani! Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nimelilaza shavu kwenye nguo yenyewe.

Walimfukuza Mama Dafroza siku ya Jumatano, saa nne asubuhi. Si wezi wala askari. Walikuwa wanawake wa mtaa, wale wale wa kwenye bomba. Walitoa mitungi yake wakaivunja kwenye mawe ya volkano, na harufu ya ndizi ikajaa kiwanja kizima. Mama alibaki ndani, dirisha limefungwa. Mama Dafroza hakupigana nao. Alifunga nguo zake kwenye kitenge, akasimama, akanitafuta kwa macho mpaka akaniona mlangoni mwa jikoni. "Masika," alisema, "ulikuwa pale. Sema." Nikausikia mkono wa Papa mdogo ukitua begani mwangu, mzito, wenye joto. Jirani mmoja akasema, "Aape." Nikasema, "Haki ya Mungu, sikuona kitu." Mama Dafroza alinitazama kidogo zaidi, akaweka mzigo kichwani, akatoka. Kwa kuwa hakuna nyumba iliyompokea, alikwenda kukaa kambi ya Mugunga na wakimbizi, yeye ambaye hakukimbia nchi yoyote.

Miezi iliyobaki nilikaa na Papa, kwa kuwa shule haikufunguka. Siku moja nilikuwa nachambua maharagi kando ya kitanda chake nikiimba ovyo ovyo, nikaingiza maneno ya upuuzi kwenye tuni ya kanisani: unataka maji, Papa, unataka maji. Akaitikia kwa tuni ileile: "Maji." Nilimwaga maharagi yote. Kwa wiki moja tuliimba kila kitu, maji, chumvi, mlango, jina langu. Alikuwa akichoka upesi na kuchekea upande mmoja, lakini alikuwa anarudi, nilimwona anarudi. Papa mdogo alipotukuta alisimama mlangoni muda mrefu. Jioni ile aliniambia niache. "Unamuchokesha. Damu yake itapanda kichwani, utamuua." Nikaacha, kwa kuwa alikuwa infirmie na mimi nilikuwa mtoto. Papa aliendelea kuniimbia kidogo kidogo akingojea niitikie, nami nilikuwa nikijifanya nina kazi jikoni. Akazoea. Alikufa kabla mwaka haujatimia, na neno alilokufa nalo ni lile.

Haya yote niliyabeba nikidhani nayaelewa: kwamba Papa alikufa, labda kwa sumu, labda kwa bahati mbaya, na kwamba mimi nilimsaliti mwanamke kwa woga. Nikawa mwalimu, nikaolewa, nikazika mume, nikapata tansio yangu mwenyewe. Miaka michache iliyopita daktari mmoja kijana alikuja kwenye ukumbi wa parokia, hapa hapa Himbi, kutueleza sisi wenye tansio mambo ambayo utafiti wa siku hizi umeyaonyesha kuhusu kiharusi. Alikuwa binti mcheshi, anaongea haraka. Alisema dawa ya tansio haiachwi kwa sababu kipimo kimeshuka, kwa maana kimeshuka kwa sababu ya dawa. Wanawake wakaguna. Alisema mtu akianguka msitafute nani kamroga, tafuteni saa, maana ubongo unakufa kwa dakika, na hospitali zenye vifaa zina dawa inayosaidia kama mmewahi. Kisha akamwita mzee mmoja mbele, akapiga magoti, akasema: "Papa, cheka kidogo. Inua mikono yote miwili."

Sikusikia vizuri yaliyofuata, au niliyasikia kwa mara moja yote. Kwamba wengine hubakiwa na neno moja tu linalojirudia, wasiloweza kulichagua, wanataka kusema mkate linatoka lile. Kwamba kuimba hupita njia nyingine kichwani, na wasioweza kusema huweza kuimba, na siku hizi wagonjwa wanafundishwa maneno kwa kuimbishwa. Kwamba ubongo unajifunza upya kwa miezi, hata miaka, mtu akifanyishwa mazoezi kila siku. Niliinua mkono kuuliza swali, nikaushusha. Mwenzangu akaniuliza kama ninajisikia vibaya. Nilijisikia kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango haukuwahi kufungwa, miaka yote aliyolala nje.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Papa mdogo. Alikuwa mzee tayari, anakunywa uji wa mtama kwenye kiti chake. Nilimwambia, "Ulimuinulisha mikono." Hakuuliza nani. Aliweka kikombe chini. "Nilijua mbele hata mukono haijaanguka," alisema. "Paralizi. Nilijua."

"Na ukaacha gari ipite hospitali?"

"Masika, mimi njo nilimukataza dawa. Ku meza ya chakula, mbele yenu bote. Ningesema ni tansio, mama yako angeuliza nani alisema aache."

"Na nilipomwimbisha? Ulisema nitamuua."

Alitazama mikono yake. "Angesema. Maneno ilikuwa inamurudilia. Angesema dawa."

Nikamuuliza kuhusu Mama Dafroza, na hapo akaniangalia karibu kwa kiburi. "Na ule mama, tulisha kumalizana," alisema. Nilidhani ni maneno ya mzee aliyejisamehe mwenyewe kanisani. Niliondoka, na mpaka anakufa sikumpa tena mkono, ingawa watu walinisema.

Wiki tatu baada ya mazishi, njia ya Rutshuru ilipokuwa imetulia, nilipanda basi kwenda kumtafuta Mama Dafroza, maana dada mmoja wa parokia alikuwa amenidokeza kwamba bado anaishi. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya bati, amekaa kwenye mkeka anapepeta maharagi, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, kitambaa cheupe kichwani. Alinitambua kabla sijasalimu. Nilipiga magoti, nikasema sentensi niliyoichelewesha maisha yangu yote: "Ulionja. Niliona. Niliapa uongo."

"Najua," alisema. "Nilikuwa pale."

Nikamweleza yote, dawa, mikono, kwamba Paluku alijua tangu mwanzo. Nilisubiri ashangae. Aliendelea kutoa mawe kwenye maharagi. "Paluku alikuya kuniona kule kambi," alisema, "mwezi ya pili tu. Alipiga magoti kama wewe vile. Akaniambia ni tansio, akaniambia mambo ya dawa. Nilimusamehe. Nilimwambia: mimi niko mukubwa, nitabeba. Lakini wende umwambie Masika, asikomae na hii kitu ku roho. Aliapa kwa kichwa ya baba yako. Kisha akarudi tena, akasema, nimemwambia, anajua yote."

Nilitikisa kichwa.

"Basi nikakungoja," alisema. "Kila gari ya Himbi yenye kusimama, nilisimama. Nilisema, mutoto anajua sasa, atakuya anitoshe hapa, anirudishe nyumbani. Nilingoja mpaka vita ikatukuta, wakatufukuza bote mpaka Rwanda, eti narudi kwetu. Miaka mingi, hata kisha kurudi huku, nilikuwa nikijiuliza: anajua, na hakuyi?"

"Mama," nilisema, "hakuniambia. Haki ya Mungu, sikujua."

Aliinua macho kutoka kwenye ungo kwa mara ya kwanza. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo. "Na siku ile pia uliapa," alisema.

Mtu mmoja tu duniani angeweza kunishuhudia kwamba safari hii nasema kweli, naye tulikuwa tumemzika.